Shamba la Serikali, Mchango wa Kanisa

Ndugu zetu wa Nakivale na Rwamwanja wanatuuliza sisi wa Kampala: kwa nini mliacha shamba? Wana haki ya kuuliza. Rwamwanja ilifunguliwa tena mwaka 2012 kupokea watu waliokimbia vita vya Kivu, na kila familia ikagawiwa ardhi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu pia kufanya kazi na kutembea nchini. Nchi nyingi hazijafika hapo, tuseme ukweli.

Lakini mimi ni fundi cherehani. Jembe si kazi yangu. Wateja wangu wako Katwe. Na hata huko makazini, vipande vya ardhi vinapungua kadiri watu wanavyoongezeka.

Basi, ukichagua mji, unajitegemea. Shule na hospitali za serikali zinatupokea kama wenyeji, tunashukuru. Ila chakula na kodi ya chumba, hiyo ni shauri yako. Hapo ndipo watu wa dini wanapoingia. JRS, shirika la Wajesuti lililoanzishwa na Padri Pedro Arrupe mwaka 1980, linafundisha wakimbizi wa Kampala Kiingereza na ufundi. Na yako makanisa yetu madogo ya mabati, ambayo hayana gari wala bango. Mke wangu alipolazwa, kapu lilizungushwa Jumapili, na jioni dawa zikanunuliwa. Hakuna aliyeniuliza karatasi.

Mwezi huohuo, mama mmoja wa uani kwetu, asiyesali popote, alitolewa chumbani, godoro likawekwa nje kwenye mvua. Hakuna kanisa lililomkataa. Hakuwa na mlango wa kubisha, basi. Angeenda makazini angepata kiwanja. Hapa mjini hakuwa na wa kumdai chochote.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaofanya kazi na HCR na mashirika: msituhesabu kuwa tumekwisha saidiwa kwa sababu kanisa lipo. Sadaka hutolewa na anayependa, kwa anayemjua. Haki haitakiwi kujua mtu anasali wapi, na isingoje mpaka apande basi la kwenda makazini. Kanisa liendelee, lisichoke. Lakini kodi ya yule mama isitegemee kama anaimba kwaya.