Wilson, ambako ndege hupozwa na upepo

Jumamosi asubuhi kwenye Barabara ya Lang'ata, watoto walio ndani ya matatu hubandika nyuso dirishani ndege ndogo zinapopita chini juu ya Uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndani ya uwanja, familia iliyokodi Cessna tayari imefunga mikanda. Ndege imesimama mwisho wa njia, pua imeelekezwa kwenye upepo, propela inazunguka. Dakika zinapita. Mtoto anataka maji, baba anatazama saa.

Rubani hachelewi kwa kupenda. Anapima injini kabla ya kupaa, na pua ile haikuelekea upepo kwa bahati.

Gari lina rejeta na maji. Cessna 172 haina. Injini yake ya silinda nne hupozwa na hewa inayoingia kwa matundu mawili ya mbele, ikapita katikati ya mapezi membamba ya chuma na kutokea chini. Oili nayo hubeba sehemu ya joto. Mabati na raba huziba mianya ili hewa isikwepe silinda. Raba moja ikichanika, silinda ya karibu huanza kuungua kama mtoto mwenye homa aliyefunikwa blanketi.

Wilson ina ugumu wake. Iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi. Hewa ya namna hiyo haibebi joto vizuri. Kibaya zaidi, injini huchemka zaidi wakati wa kupaa, inapofanya kazi kwa nguvu zote huku ndege ikienda polepole. Injini nyingi za Lycoming zina kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi kwenye kichwa cha silinda, lakini marubani wengi hawapendi kuona hata 205.

Kwa hiyo, akishavuka paa na miti, rubani huishusha pua kidogo. Abiria hudhani ndege imeshindwa kupanda. La, inatafuta mwendo, na mwendo ndio upepo. Rubani pia huwa mwangalifu asibane petroli kupita kiasi, kwani ile ya ziada husaidia kupoza. Silinda ikipasuka hapo, chini upande wa kusini ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, si mahali pa kutua ukiwa na mtoto mapajani.

Anayetaka safari tulivu huomba ile ya alfajiri, hewa ingali baridi.

Watoto hupenda zaidi ukaguzi wa kabla ya safari. Rubani huchungulia matundu ya mbele kwa tochi, kwa sababu ndege wenye manyoya hujenga humo, na kiota huziba hewa. Wazazi huwashika watoto mkono, mbali na propela: hata iliyosimama, ikisukumwa injini ikiwa bado moto, yaweza kuzunguka ghafla.

Mara nyingine tochi hutoka na nyasi kavu.