Mkusanyaji wa Kaseti za Zamani

Kila mtu ana kitu akipendacho ambacho jirani yake hakielewi. Yuko akusanyaye stempu za barua, yuko afugaye njiwa, na yuko ambaye hawezi kupita ufukweni bila kuinama kuokota kauri. Mapenzi ya namna hii hayahitaji hoja, na mwenye kuyatetea mno huyatia shaka. Mimi, msomaji, hukusanya michezo ya video ya zamani pamoja na mashine zake. Ninazo mashine 11 na kaseti zipatazo 60, nazo zimejaa katika kabati ambalo hapo kwanza lilikusudiwa vyombo vya chakula.

Najua utakalosema. Utasema kwamba mwalimu, mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, hana haja na vitu vya kuchezea. Utaongeza kwamba michezo mizuri zaidi imo katika simu, wala haichukui nafasi kabatini. Hoja zote mbili zina uzito, na ya pili nitaijibu kwa kadiri niwezavyo. Ya kwanza nimeizoea. Lakini nipe nafasi kwanza nikueleze vitu vyenyewe, maana ni taabu kulipenda au kulichukia jambo usilolijua.

Mchezo wa video wa nyumbani ni mtoto wa televisheni. Aliyeubuni ni Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1922, ambaye jamaa zake walikimbilia Marekani mwaka 1938 kuepuka dhuluma waliyofanyiwa Wayahudi. Baer alijiuliza swali dogo: televisheni imo katika kila nyumba, kwa nini mtu aitazame tu? Mashine iliyotokana na fikira zake, Odyssey, ilianza kuuzwa mwaka 1972. Haikuwa na sauti hata kidogo. Picha yake ilikuwa vidoa vyeupe, na mchezaji alibandika karatasi ya plastiki yenye rangi juu ya kioo cha televisheni ili apate uwanja. Tukicheka leo, tukumbuke kwamba anayecheka hupanda ngazi iliyojengwa na yule achekwaye.

Kaseti ilikuja baadaye kidogo. Katika siku zile za mwanzo, michezo iliyozaliwa na mashine aghalabu ilikufa nayo. Mtu akiichoka hakuwa na la kufanya ila kununua mashine nyingine. Mwaka 1976 ilitoka mashine iitwayo Fairchild Channel F, iliyokuwa ya kwanza nyumbani kutumia kaseti zilizobeba programu ya mchezo ndani yake. Kundi la wahandisi walioitengeneza liliongozwa na Jerry Lawson, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa New York. Jina lake halikutajwa sana enzi zake, na alifariki mwaka 2011. Mimi hulitaja kila nipatapo nafasi, nawe sasa umelisikia.

Biashara hiyo ilipanda haraka na kuanguka haraka. Mwaka 1983 soko la Marekani lilijaa michezo mibovu hata kampuni ya Atari ikazika shehena ya kaseti zisizouzika katika jangwa la New Mexico. Zilifukuliwa mwezi wa Aprili mwaka 2014; nyingine zikapigwa mnada, na moja ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Kitu kile kile kilikuwa takataka, kikawa bidhaa, kikawa urithi, na plastiki yake haikubadilika.

Mwezi wa Julai mwaka ule ule wa 1983, kampuni ya Nintendo ya Japani, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mashine iitwayo Famicom. Hiyo na ndugu yake NES, aliyeuzwa Marekani na Ulaya, ziliuzwa zaidi ya milioni 61 kwa jumla. Hapa kwetu Kenya mashine hizo halisi zilikuwa adimu. Kilichofika majumbani mwa wengi katika miaka ya 1990 na 2000 ni nakala zake, zilizotengenezwa Asia bila idhini ya mwenyewe, na watoto tukaziita TV game. Huenda mjomba wako au dada yako mkubwa anaikumbuka: ilikuwa na vishikio viwili na bunduki moja ya plastiki, na kaseti yake ya manjano ilijigamba kuwa na michezo 9,999,999. Ukihesabu ulikuta michezo michache tu, ikirudiwarudiwa kwa majina mapya. Kwa watoto wengi huo ulikuwa uongo wa kwanza wa matangazo ya biashara kuugundua wenyewe, kwa hesabu yao wenyewe, na nadhani ulitufaa.

Nakala zile zilifuata umbo la Kijapani. Kaseti ya Famicom ina meno 60 ya shaba, na ile ya NES ina meno 72. Kwa hiyo jamaa aliye London akikuletea kaseti ya huko, haingii katika mashine ya utotoni mwako. Tena televisheni za Japani na Marekani zilionyesha picha 60 kwa sekunde, ilhali za Ulaya na za kwetu zilionyesha 50. Mchezo uliotungwa kwa 60 usiporekebishwa huenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake hulegea kama mwimbaji mwenye usingizi. Mnunuzi asiyejua mambo haya huirudisha kaseti nzima akidhani ni mbovu.

Nilianza kukusanya nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Mwenzangu wa bweni alitaka nauli ya kwenda kwao, nami nikachukua mashine yake kwa nusu ya posho yangu ya mwezi. Tangu siku hizo nina bahasha. Humo hutiwa kinachobaki baada ya karo, chakula na kodi. Mwezi mwingine hutiwa shilingi 500, mwezi mwingine haitiwi kitu. Bahasha ikiwa tupu sinunui, hata kikitokea kitu nilichokitafuta miaka mitano. Nimewaona wakusanyaji wakikopa ili wasipitwe, na kitu kilichonunuliwa kwa deni hakichezeki kwa raha.

Kununua kwenyewe ni elimu. Kwanza huutazama mwandiko wa karatasi iliyobandikwa juu ya kaseti: kaseti bandia aghalabu huwa na herufi zilizofifia au rangi iliyopauka. Kisha huigeuza kaseti, nikayachungulia meno yake. Yakiwa na kutu ya kijani, naijua sababu. Sote tulikuwa tukipuliza ndani ya kaseti mchezo ulipokataa kuwaka, nasi tuliapa kwamba dawa ile hufaa. Haikufaa. Kilichosaidia ni kuitoa na kuirudisha mahali pake. Pumzi yetu ilitia unyevu tu, na unyevu huila shaba. Meno husafishwa kwa kijiti chenye pamba kilicholoweshwa spiriti safi, polepole, na kaseti huachwa ikauke kabla ya kuwashwa.

Na ile bunduki ya plastiki? Ukiiunganisha leo na televisheni bapa ya sebuleni kwenu, hutampiga hata bata mmoja. Bunduki haitoi risasi wala mwanga, ni jicho. Ubonyezapo kilimi, kioo huwa cheusi kwa kitambo kisichotambulika, kisha mahali alipo bata hutokea mraba mweupe. Jicho likiona giza kisha mwanga, mashine huhesabu kwamba umelenga. Mpango huo ulitegemea televisheni za kizamani zenye kichogo, ambazo ziliichora picha papo hapo. Televisheni ya sasa huchelewa kidogo kuionyesha picha, na kuchelewa huko hulipofusha jicho. Kwa ajili hiyo ninatunza televisheni mbili zenye kichogo ambazo majirani walikuwa wakizitupa. Ni nzito mno, nami sizihamishi bila vijana wawili.

Sasa nije katika bei, kwa sababu wengi hudhani kwamba mkusanyaji ni mfanyabiashara aliyejificha. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 nakala moja ya mchezo wa Super Mario Bros., uliotoka mwaka 1985, iliuzwa kwa dola milioni 2 za Marekani. Sababu ni kwamba haikufunguliwa kamwe. Yaani thamani yake yote imo katika kutochezwa. Siku mwenyewe atakapoichana karatasi ili aonje raha iliyomo, atakuwa amezila fedha zake. Simlaumu, kila mtu na mali yake. Lakini mimi siiti hiyo michezo. Ni noti za benki zenye picha. Kaseti zangu zote zimefunguliwa, zina mikwaruzo, na Jumamosi wanafunzi hufika kuzicheza, mradi wamenawa mikono.

Nayo ile hoja ya simu? Ni kweli kwamba michezo mingi ya kale imenakiliwa na huchezwa katika kompyuta na simu, nami nashukuru kwamba iko njia hiyo. Lakini usidhani kwamba yote ipo sokoni ikikungoja. Mwaka 2023 taasisi iitwayo Video Game History Foundation ilichunguza michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, ikaona kwamba asilimia 87 haiuzwi tena kwa njia yoyote. Fikiri kama vitabu 87 katika kila vitabu 100 vya maktaba yenu vingekuwa havipatikani dukani, na nakala zilizosalia zimo katika masanduku ya watu binafsi, zikiliwa na kutu. Mmoja wa watu binafsi hao ndimi.

Hayo nimeyasema kwa ujasiri, na sasa nitakueleza jambo linalonisumbua, ambalo sijalipatia jibu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa katika soko la Kongowea, Mombasa, upande ule wa mitumba ya vyombo. Chini ya lundo la nyaya niliona Game Boy, mashine ndogo ya mkononi iliyotoka mwaka 1989, na ndani yake kaseti nyekundu ya Pokémon. Nilimwuliza mwuzaji bei.

“Mia tatu, mwalimu. Lakini hiki hakina faida, hakipigi simu.”

Nilimwambia kwamba kina thamani kubwa kuliko hiyo, na kwamba wako watu ambao wangempa mara kumi yake. Akanitazama kama aliyesikia mzaha. Tukakubaliana shilingi 1,200, ambazo ndizo zilizokuwamo katika bahasha, naye akanifungia katika gazeti huku akinicheka. Wenzangu huniambia kwamba nilifanya upumbavu. Sioni hivyo, nalala vizuri.

Nilipofika nyumbani nikaisafisha, nikatia betri nne, nikawasha. Mchezo huo huhifadhi safari ya mchezaji, na kabla hujaendelea hukuonyesha jina lake. Lilikuwamo jina la mtoto, la herufi tano, lisilo la kwetu. Saa alizocheza zilikuwa 61. Beji alizoshinda zilikuwa 7, na mchezo mzima una beji 8.

Ndani ya kaseti ile mna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, na hiyo ndiyo ihifadhiyo kumbukumbu. Betri ikifa, jina na saa zote 61 hufutika. Toleo la Ulaya la mchezo huo lilitoka mwaka 1999, basi umri wake unaweza kuuhesabu. Nimebadilisha betri katika kaseti nyingine nyingi, lakini zile zilikwisha kufa, hazikuwa na cha kupoteza. Katika hii ingenipasa kulehemu betri mpya kabla ya kuitoa ya zamani, ili umeme usikatike hata kwa kitambo kidogo, na mkono ukiteleza basi. Kiko pia chombo cha kuisoma kaseti na kuihamishia kumbukumbu yake katika kompyuta. Nimeanza kukiwekea akiba, na bahasha haijafika huko.

Tena kuna lililo gumu zaidi. Kaseti ile ina nafasi ya safari moja tu. Mwanafunzi akianza safari yake na kuihifadhi, humfuta mtoto yule. Mimi nisemaye kwamba mchezo usiochezwa si mchezo, hii siruhusu ichezwe. Niliwaeleza wanafunzi wangu jambo hilo Jumamosi moja, wakabishana mpaka magharibi. Mmoja, msichana wa kidato cha tatu, alisema, “Mwalimu, mmalizie beji ya nane. Amebakiza moja tu.” Kijana aliyekaa kando yake akakataa kabisa: huenda mtoto yule hakuchoka wala hakusahau, huenda aliacha hapo kwa kutaka. Msichana akauliza ni nani aachaye beji moja kwa kutaka. Hakuna aliyemjibu.

Pengine mtoto yule sasa ni mtu mzima wa umri wangu, ana watoto, naye hakumbuki kwamba aliwahi kuwa na kaseti nyekundu. Pengine mama yake aliitoa pamoja na nguo zilizompwaya. Sina njia ya kumpata, na hata ningekuwa nayo nisingejua la kumwambia.

Kaseti imo katika mkebe wa majani ya chai, pamoja na kifuko cha kuzuia unyevu. Mwisho wa kila muhula, nikishasahihisha mitihani, huitoa na kuiwasha. Muhula uliopita jina lilikuwapo bado.