Gari Namba A na Daftari la Ba'mdogo

Kila nikiegesha karibu na kantini, maswali ni yale yale matatu. La kwanza: "Hii gari gani, kaka?" La pili: "Mlango wa nyuma unafunguliwaje?" La tatu huwa linaulizwa nikishaondoka, ila chuo hiki hakina siri, linanifikia tu: "Huyu jamaa kwao wana hela kiasi gani?"

Nianze na hilo la tatu. Kwetu hatuna hela. Mama anauza vitenge, mimi nasoma kwa mkopo, na bumu likichelewa nalala na chai kama wewe. Gari lenyewe ni Alfa Romeo 156 ya mwaka 2001. Namba yake inaanza na A, wakati mjini hapa watu sasa wanatambiana kwa namba E. Ukiliuza leo, pesa utakayopata haifiki nusu ya bei ya IST nzuri. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Najua wako wenzetu wanaopanga kununua gari la Ulaya lililotumika kwa sababu ni bei rahisi na linapendeza kwenye picha. Wasome kwanza yaliyonipata mimi.

Gari hili lilikuwa la Ba'mdogo. Alikuwa mpima ardhi kwenye mradi wa barabara, na bosi wake, mhandisi Mwitaliano, alipomaliza mkataba mwaka 2013 alimuuzia kwa bei ya kuagana. Ba'mdogo alilitunza miaka tisa. Mwaka 2022 alipohamishiwa mikoani akapewa pikapu ya kazi, akaniita nyumbani kwake. Nilidhani ananiita kunipa nauli.

"Shikamoo Ba'mdogo."

"Marahaba. Kaa hapo."

Akanipa daftari, kaunta buku lenye jalada gumu, kona zake zimelika. Nikaliweka mezani bila kulifungua. Ndipo akatoa ufunguo. Akasema, "Usiliuze bila kuniambia. Na likiharibika, niambie siku hiyo hiyo." Nikaitikia kwa haraka kama unavyoitikia masharti ya mtu anayekupa kitu. Nikaondoka na ufunguo mkononi. Daftari nililitupa kwenye droo ya dashibodi, na huko likakaa karibu miaka miwili.

Niwaambie kidogo kuhusu gari lenyewe, maana kulipenda ni sehemu ya kosa langu. Kampuni ilianza Milano mwaka 1910, na hilo jina Romeo si la yule kijana wa Shakespeare, ni la Nicola Romeo, mhandisi aliyeichukua mwaka 1915. Bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za Formula 1, Nino Farina, mwaka 1950, alikuwa akiendesha Alfa Romeo. Hii 156 ilitoka 1997, na mwaka uliofuata ikawa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Walter de Silva aliyelichora alificha vitasa vya milango ya nyuma juu pembeni mwa kioo, ili gari la milango minne lionekane kama la miwili. Kibao cha namba cha mbele nacho kimekaa pembeni, kupisha ile grili ya pembetatu. Trafiki mmoja alishawahi kunisimamisha akidhani nimekihamisha mwenyewe.

Halafu ile nembo. Upande mmoja kuna msalaba mwekundu wa jiji la Milano, upande wa pili nyoka mwenye mtu mdomoni. Rafiki yangu Baraka alipoiona vizuri mara ya kwanza alishuka. "Kaka, hii freemason hii." Nikamweleza kwamba ni nembo ya ukoo wa Visconti uliotawala Milano zamani. Akapanda, ila akakaa nyuma.

Na linavyokwenda, aisee. Usukani mwepesi, ukiugusa tu pua inageuka. Injini ni ya lita 2.0, nguvu za farasi karibu 150, na ikipita mizunguko elfu nne sauti inabadilika, inakuwa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuimba. Alfajiri barabara ya Chalinze kwenda Morogoro ikiwa tupu, unaelewa kwa nini mhandisi yule aliliagiza kutoka Uingereza badala ya kununua Toyota kama watu wote.

Shida ni kwamba watu wote wamenunua Toyota kwa sababu. Ukitaka bushi ya IST, unakwenda Gerezani asubuhi, saa nne gari limefungwa. Mimi nikitaka bushi naagiza, inakuja kwa ndege, nasubiri wiki tatu, nalipa na ushuru. Mara ya kwanza nilipopeleka gari kubadilishwa plagi, kijana wa gereji alifungua kifuniko, akahesabu, akaniangalia. "Hili ni silinda nane?" Hapana, ni silinda nne, ila kila silinda ina plagi mbili. Ndiyo maana ya jina Twin Spark. Na hizo mbili hazilingani ukubwa, kwa hiyo unanunua seti mbili tofauti. Mikono ya juu ya miguu ya mbele nayo, kwa matuta yetu na umri wake, inalia kama kitanda cha hosteli. Oili nayo ukisubiri taa iwake ndipo uangalie, umeshachelewa. Kijiti unakichomoa kila Jumapili, upende usipende.

Hayo yote niliyazoea. Nilijiona mjanja hata. Nilijua kutofautisha mlio wa bushi na mlio wa bolijointi. Kwa hiyo mwaka 2024 fundi wangu wa Tegeta aliponiuliza, "Dogo, taimingi belti ilibadilishwa lini?" nilijibu kwa kujiamini, "Ba'mdogo alishabadilisha."

"Lini?"

"Kitambo kidogo."

Akafuta mikono. "Kitambo si tarehe." Akanipigia hesabu: belti mbili, tenshona, pampu ya maji pamoja na ufundi, 420,000. Nikamwambia bumu likitoka nakuja.

Bumu likatoka. Sikwenda.

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa mmoja wao: belti hiyo ndiyo inayofanya valvu za juu ziende sambamba na pistoni za chini. Injini ya IST inatumia cheni, ndiyo maana ukikaa na washikaji wenye magari huwasikii wakizungumzia belti. Hili langu lina belti ya mpira. Ikikatika gari likiwa linakwenda, valvu zinasimama pale zilipo, pistoni zinaendelea kupanda, zinazigonga. Na mpira hauzeeki kwa kilomita tu. Unazeeka kwa miaka pia, hata gari likiwa limepaki.

Jumamosi moja tukapanga kwenda Bagamoyo, watu watano, kila mtu kachangia elfu kumi ya mafuta. Nilikuwa na hela ya belti kwenye simu. Nikaitumia kwa samaki, vinywaji na kuonekana mwenyeji. Sitaki kumsingizia mtu, hakuna aliyeniomba. Kuna raha ya kuwa wewe ndiye mwenye gari, na raha hiyo niliinunua kwa 420,000.

Tulikuwa tunarudi, tumeshapita Mapinga, jioni. Halikulipuka wala halikutoa moshi. Lilikohoa mara moja, taa zote za dashibodi zikawaka, usukani ukawa mzito, na pakawa kimya. Nikalisogeza pembeni. Nikapiga stata. Injini ikazunguka haraka, nyepesi, kama kitu kisicho na kitu ndani. Nikampigia fundi, nikaweka simu karibu na boneti nijaribu tena asikie. Akasema, "Usiwashe tena. Nishasikia."

Tulivutwa kwa kamba hadi Tegeta. Watatu walipanda daladala, na siwalaumu, ilikuwa usiku. Neema alibaki. Alikaa na mimi gereji hadi saa nne, hakusema neno hata moja la "si ulijua", na kesho yake akanikopesha 150,000 ambazo najua alikuwa akizihitaji.

Fundi alipofungua hedi tulihesabu pamoja. Valvu 11 kati ya 16 zimepinda. Akazipanga kwenye gazeti kama samaki wa fungu. Hesabu mpya: 1,870,000.

Nikauza laptopu. Ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo niliichapa kwenye kompyuta za maktaba, nikiwahi nafasi asubuhi, nikifukuzwa wakifunga. Likizo nikafundisha hesabu watoto wa kidato cha pili mtaani kwetu. Chakula, tuseme nilipungua. Na kila Jumapili Ba'mdogo alipiga simu kama kawaida yake.

"Gari linaendeleaje?"

"Salama, Ba'mdogo."

Wiki sita. Salama, salama, salama. Valvu zipo kwenye gazeti, mimi nasema salama. Katika yote niliyoeleza hapa, hili ndilo linaloniuma bado. Gari ni chuma. Lakini nilikuwa nimeahidi kusema siku hiyo hiyo.

Kilichonishinda ni daftari. Siku moja nilikwenda gereji kutoa vitu vyangu kwenye gari ili visipotee, nikalikuta kwenye droo. Nikaketi kwenye kiti cha dereva, gari likiwa halina hedi, nikasoma. Miaka tisa, kwa mwandiko wa mpima ardhi, mistari imenyooka. Oili, kilomita. Tairi, kilomita. Balbu, kilomita, bei. Nikafika mwaka 2017: "Belti zote mbili, tenshona, pampu ya maji. Km 98,300. Ijayo: 158,300." Hiyo "ijayo" ameipigia mstari mara mbili. Nikaangalia kilomita kwenye dashibodi: 161,740. Jibu la swali la fundi lilikuwa sentimita 30 kutoka kwenye mkono wangu wa gia muda wote.

Nikampigia hapo hapo. Nikamweleza kila kitu, Bagamoyo, laptopu, wiki sita. Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Mwanangu, siku ile nilikupa nini kwanza?"

"Daftari."

"Mbona nilianza na daftari?"

Sikujibu. Akauliza, "Kilomita ngapi sasa?" Nikamtajia. Akasema, "Iandike. Na tarehe. Na bei uliyolipa, usifiche." Hakunitumia hela, na sikumwomba. Ila tangu siku hiyo simu za Jumapili zimekuwa ndefu zaidi.

Fundi alilirudisha gari kwa siku tisa baada ya spea kufika. Vijana wake walitaka wafunge belti kwa kuweka alama za rangi, kama wanavyofanya kwenye magari mengine. Akakataa. Alichonga mwenyewe vibano vya chuma vya kushika kamshafti zisizunguke, akapima sehemu ya juu kabisa ya pistoni kwa geji kupitia tundu la plagi, akarudia mara tatu. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. "Gari hili halikusamehe wewe," akasema, "litanisamehe mimi?"

Kwa hiyo, wewe unayepiga jicho sedani ya Kiitalia kwa bei ya pikipiki mbili, sikukatazi. Ila tafuta fundi kabla ya gari, na awe amewahi kulifungua la aina hiyo. Usipoonyeshwa risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa, na hela yake iwe mkononi kabla hujapiga picha ya kwanza. Jua kwamba ile bei uliyolipia gari ni kiingilio tu, mchezo wenyewe unalipiwa ndani. Na kama kula yako inategemea bumu, panda daladala kwanza. Hakuna aibu. Mimi mwenyewe siku nyingi napanda, maana mafuta ya elfu kumi yanaishia Posta na kurudi, tena foleni ikiwa na huruma.

Neema nimemlipa. Laptopu bado sijanunua. Mikono ya mbele bado inalia kwenye matuta ya getini, na walinzi wananijua kabla hawajaniona. Kwenye daftari, chini ya mwandiko wa Ba'mdogo, sasa kuna wangu, haujanyooka vizuri: "Belti zote mbili, tenshona, pampu, valvu 11, gasketi ya hedi. Km 161,740. Sh 1,870,000. Nilichelewa. Ijayo: 221,740."

Zikifika kilomita hizo nitakuwa nimeshamaliza chuo, na sijui gari litakuwa mikononi mwa nani. Yeyote atakayekuwa, nitampa daftari kwanza, na ufunguo sitautoa mpaka alisome mbele yangu.