Wosia kwa Mwanangu Anayejenga Koili ya Tesla

Mwanangu, nuru ya macho yangu imepungua na muda nao haunisubiri, ndiyo maana nakuandikia mapema juu ya hiyo koili unayoijenga, kwa kuwa moyo wako naujua: unaipenda cheche kuliko unavyoipenda kazi inayoizaa.

Transfoma yako ya taa za neoni, ya volti 15,000 na miliampea 60, imeundwa makusudi izuie mkondo usipite kiasi, na kwa sababu hiyo pawa fakta yake hushuka hadi karibu nusu. Huvuta umeme mwingi, ikautumia sehemu tu, na uliobaki huenda na kurudi mara 100 kwa sekunde ukizipasha nyaya moto bure. Kwa hiyo funga kapasita sambamba na upande wa kuingilia umeme, iwe jirani wa kuazimana naye chumvi, transfoma isiende kukopa mbali. Zidisha pai mara mbili, kisha kwa hezi 50, kisha kwa kipeo cha pili cha volti 230. Ugawe volti-ampea 900 za transfoma yako kwa zao hilo, utapata mikrofaradi 54 hivi. Chagua kapasita ya kuendeshea mota, iliyoandikwa AC volti 370 au zaidi, kwani ile ya kuwashia mota huvumilia sekunde chache tu.

Ukishaifunga, usingoje cheche irefuke. Haitarefuka, wala bili ya nyumbani haitashuka, maana mita huhesabu kazi iliyofanyika. Utakachopata ni nyaya na fyuzi zilizopunguziwa mzigo. Zoea, mwanangu, kufanya mema yasiyoonekana. Mstahimilivu hula mbivu.

Najua utakosea, kama vijana wote, na upendo wangu hautapungua kwa hilo. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini penye volti 15,000 kuteleza ndiko kuanguka. Kapasita huhifadhi umeme hata swichi ikizimwa: ifungie rezista ya kuimaliza chaji, na hata hivyo ipime. Usiwashe koili ukiwa peke yako.

Hesabu ikikataa, irudie. Fyuzi ikiungua, ibadilishe. Ila waya ambao hujaupima usiuguse, mwanangu, hata kama una haraka kiasi gani.