Mashua Haina Mteremko

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Maana ya methali hii niliijua darasani. Ukweli wake niliuonja kwetu Litein.

Kwetu ni vilima vilivyovikwa chai. Stata ya umeme, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, ilikusudiwa kumwondolea dereva adha ya kuzungusha injini kwa hendeli. Adha hiyo baba aliiondoa kwa mteremko. Trekta lake kuukuu aliliegesha daima juu ya boma. Stata ilipogoma, aliachia breki, trekta likashika kasi, akatia gia na kuachia klachi, nayo injini ikanguruma. Dizeli haihitaji cheche: hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda huwa na joto la kutosha kuyawasha mafuta. Basi hatukuona haja ya fundi.

Likizo moja, baba akiwa amelazwa hospitalini, nililiendesha mimi kubeba majani mabichi. Kwa ujinga wangu nikalizima bondeni, penye tambarare. Nilipowasha, nilisikia "tak" moja, kisha kimya. Majani ya chai yaliyochumwa hayangoji. Yakirundikana hupata joto, yakawa mekundu, na kituoni hukataliwa. Ndani ya magunia yale mlikuwa na sehemu ya karo yangu.

Fundi aliyekuja aliwahi kufanya kazi Homa Bay, akitengeneza mashine za mashua. Nilimwambia stata imekufa, tununue nyingine. Hakunijibu. Alihakikisha gia imetolewa, akawasha taa, akaniamuru nijaribu. Taa zilififia zikakaribia kuzimika.

"Betri imechoka," nikasema.

Akaipima: volti 12.6, na nilipojaribu tena hazikushuka sana. Kisha akaweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Nilipowasha, kipimo kikapanda kupita volti 4.

"Hapa pasizidi nusu volti," alisema. "Umeme huenda kwa waya huu, hurudi kwa mwili wa injini. Njia ya kurudi imeziba."

Alifungua waya wa betri unaofungwa kwenye mwili wa trekta. Chini yake palijaa kutu. Akapakwangua kwa msasa hadi pakang'aa, akakaza nati. Injini iliwaka mara moja. Stata tuliyoilaumu miaka yote haikuwa na kosa.

"Mwanangu," alisema akifuta mikono, "ninyi wa milimani mmeponzwa na mteremko. Mashua haina mteremko. Mashine ikigoma katikati ya ziwa, utautafuta ugonjwa wake au utalala majini."

Nilirudi chuoni na maneno hayo. Nilikumbuka kwamba yeye alinieleza safari nzima ya umeme kwa Kiswahili, ilhali mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nilipowasimulia wenzangu kisa hicho niliteleza hadi Kiingereza kila neno liliponigomea. Mazungumzo yaliendelea, lakini kutu ilibaki pale pale. Huo ndio mteremko wetu, ndugu msomaji.

Baba aliporudi nyumbani, alilikuta trekta limeegeshwa uwanjani, penye tambarare. Alilitazama kwa wasiwasi, kisha akanitazama mimi. Nikampa ufunguo.