Sauti za Breki katika Njia ya Mombo na Lushoto



Njia itokayo Mombo kupanda Lushoto si ndefu. Ni kilomita 33 hivi za lami, nayo humtoa msafiri katika joto la bondeni, palipo mikonge na vumbi, ikamfikisha katika baridi ya milima ya Usambara, palipo kabichi, karoti na misonobari. Mombo iko kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti hiyo ya mita 1,000 ndiyo sababu ya makala hii, kwani apandaye hana budi kushuka, na siku hizi wengi wetu tuendapo likizo hupanda na kushuka kwa bodaboda.

Nilifundisha fizikia miaka mingi, hivyo niwieni radhi kwa hesabu moja tu. Pikipiki, dereva, abiria na mizigo yao vikifika kilo 260, nishati inayopaswa kumezwa katika kushuka mita 1,000 yatosha kuchemsha lita 7 za maji baridi. Sehemu yake humezwa na injini na upepo. Iliyobaki hugeuka joto ndani ya breki, na hasa breki ya mbele, maana chombo kinapopunguza mwendo uzito huegemea mbele. Vifaa vinavyobeba kazi hiyo ni vidogo, vyatosha kiganjani. Ndiyo maana vinapolia yatupasa kusikiliza.

Asubuhi pale Mombo, baada ya usiku wa mvua, utasikia pikipiki nyingi zikikwaruza kidogo mara dereva anaposhika breki. Hiyo ni kutu nyembamba juu ya diski, nayo huisha baada ya kushika breki mara chache. Haina neno. Mlio mwembamba usiokoma, kama filimbi, ni jambo jingine: huenda pedi zimejaa vumbi, au uso wake umeungua ukawa laini kama kioo, au zimekwisha. Dereva na achungulie. Pedi ikibaki unene wa milimita 2 hivi, au ikifika alama aliyoiweka mtengenezaji, wakati wake umekwisha. Wapo wanaonyamazisha mlio huo kwa tone la mafuta. Hiyo si dawa, ni hatari, kwa kuwa breki iliyoingia mafuta huteleza, na pedi iliyolowa haifai tena.

Mlio mwembamba ukigeuka sauti nzito ya kusaga, chuma kimekutana na chuma. Hapo hapana mjadala wala "tufike kwanza". Safari imesimama.

Pikipiki nyingi za huko bado zina breki ya ngoma badala ya diski. Hizo nazo hukwaruza kwa vumbi na kwa brekishuu zilizolika. Fundi anapoifungua ngoma asilipulize vumbi lake kwa mdomo, kwa sababu baadhi ya brekishuu zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Kitambaa kibichi chatosha.

Katika kupanda, breki hupumzika na shokapu ndizo zinazosema. Mvumo mdogo wa mafuta yakipita ndani yake ni wa kawaida. Lakini zikigonga kwa kishindo kila penye shimo, ama mafuta yamepungua ama springi zimechoka. Tazama mabomba ya mbele yanayong'aa: ukiona mstari wa mafuta uliogandamana na vumbi, mpira wa kuzuia mafuta umepasuka. Usiuchukulie kuwa uchafu tu, maana mafuta hayo hutiririka kuelekea gurudumu, na kwenye gurudumu ndipo ilipo breki.

Nusu ya njia iko Soni, penye maporomoko ya maji, na wasafiri wengi hupumzika hapo. Safari moja nilimkuta kijana mmoja ameinamia usukani wa pikipiki yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chombo chasemaje?"

"Kinagonga, mzee. Ko! nikishika breki, na ko! nikiachia. Wiki ya pili hii."

Nilimuuliza kwa nini hakukipeleka kwa fundi. Alijibu kwa adabu kwamba mwenye pikipiki yuko Uingereza, ndugu wa mwenyewe hupokea hesabu kila jioni, na siku ya gereji haina msamaha wa hesabu.

Fundi wa hapo Soni hakuwa na mtambo wowote. Alimwambia kijana ashike breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma, huku yeye ameweka kidole kwenye shingo, pale usukani unapoungana na fremu. Mchezo ulisikika kidoleni kabla ya sikioni: beringi za shingo zilikuwa zimelegea. Lau shingo ingekuwa imara, angepeleka kidole kwenye kalipa, yaani kile kikamatio cha diski, kutafuta bolti iliyolegea. Kisha kwenye shokapu zenyewe. Aliinua gurudumu la mbele, akakaza nati kwa kiasi, kisha akahakikisha usukani wageuka kwa wepesi kulia na kushoto, kwa kuwa shingo iliyokazwa kupita kiasi nayo humpotosha dereva kwenye kona. Na kwa kuwa gurudumu lilikuwa juu, alilitikisa ubavuni na kulizungusha, asije akakuta beringi za gurudumu zinaunguruma. Kazi yote haikutimiza nusu saa.

Njia ya fundi yule yafaa hata kwa asiye fundi, nayo ni maswali matatu. Sauti hutokea lini: ukishika breki, ukipita shimoni, au muda wote gurudumu likizunguka? Ikitokea kwenye breki, tafuta breki na shingo. Shimoni, tafuta shokapu. Muda wote, tafuta beringi za gurudumu au diski iliyopinda. Pili, hutokea wapi? Na tatu, mkono wasikia nini pamoja na sikio?

Swali hilo la tatu ndilo kubwa wakati wa kushuka. Dereva akining'inia kwenye breki kutoka Lushoto hadi Mombo, mafuta ya breki ya diski huweza kuchemka, hasa yakiwa ya zamani, kwa maana mafuta hayo hunywa maji ya hewani. Hapo mkono wa breki hulegea na kuzama, na hakuna sauti yoyote. Breki inayolia ingali inaonya. Iliyochemka haisemi kitu. Ashuke kwa gia ndogo, injini imsaidie, ashike breki zote mbili na kuziachia zipoe, na mafuta yabadilishwe kila miaka miwili.

Huku Uingereza kila pikipiki iliyotimiza miaka 3 hukaguliwa kila mwaka: breki, usukani na shokapu. Twailipia huduma hiyo bila kunung'unika. Tukimnunulia mpwa pikipiki nyumbani, mkaguzi ni mpwa mwenyewe, na sisi tulioko mbali ndio tunaoamua kama atapata nafasi ya kukagua. Sikio la kusikia analo. Asichokuwa nacho ni siku isiyo na hesabu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye chombo nyumbani na aitoe katika hesabu siku moja ya gereji kila mwezi, na fungu la pedi, brekishuu na mafuta ya breki liwe la dereva, lisiombwe kwa simu. Na sisi abiria, dereva akisimama Soni akasema, "Nipe dakika kumi niangalie," tushuke, tunyooshe miguu, tuyatazame maporomoko. Mombo haihami.