Feza Isiyo na Uso



Katika mtaa wetu hapa Kalemie, mtu akitaka kutuma feza kwa simu huenda kwa mama wa kabini. Mama huyo anakaa chini ya mwavuli, meza yake ndogo, daftari lake limelowa mvua mara nyingi. Siku moja tulikosea tarakimu moja tu ya nambari, na dola zetu 10 zikaenda kwa mtu tusiyemjua. Tulirudi kwa mama mbio. Alitukaripia kwanza, kisha akapiga simu kwa wakubwa wake, akatuambia tungoje. Tulikaa juu ya sanduku la chupa hata saa nane. Feza ikarudi. Kesho yake tulimpelekea ndizi, naye akazipokea bila maneno mengi. Tulidhani ni kazi yake tu, na habari ikaisha. Kumbe tulikuwa hatujajua tulichopewa pale.

Mwaka 2022 mdogo wetu, mtoto wa mama mdogo, alirudi toka Lubumbashi na simu kubwa na mafundisho mapya. Alisema: «Yaya, kuna feza isiyo na benki wala serikali, inaitwa bitkoini. Hakuna mtu wa kukuibia, kwa kuwa hakuna mtu katikati.» Nasi tulicheka. Lakini kijana huyu si mjinga, na sababu zake zilikuwa na nguvu. Ninyi nyote mwajua taabu ya noti za dola katika Kongo yetu: noti ikipasuka kidogo pembeni, hata upana wa ukucha, hakuna anayeipokea. Na franka nayo? Mwanzo wa mwaka 2023 dola moja ilipata karibu franka 2,000. Mwisho wa mwaka huo huo ilipita 2,600. Tena alituambia kwamba kule Kivu, mahali panapoitwa Luviro, watu wa mbuga ya Virunga wanatumia nguvu ya maji tangu mwaka 2020 kuendesha mashine za kutafuta bitkoini, na mapato yanasaidia kazi ya mbuga. Jambo hili ni la kweli. Basi tukawaza: ikiwa watu wazito namna ile wanaifanya, sisi ni nani hata tuicheke?

Msomaji atauliza: je, simu haihifadhi dola tayari, bila kupasuka? Ndiyo, inahifadhi. Tuseme wazi basi: noti zilizopasuka zilikuwa kisingizio. Bitkoini moja, iliyokuwa karibu dola 16,500 mwisho wa mwaka 2022, ilikuwa imepita dola 35,000 katika mwezi wa kumi na moja wa mwaka 2023. Tulitamani faida, kama mtu mwingine yeyote.

Bitkoini hainunuliwi kwa mama wa kabini. Inanunuliwa katika soko lililo ndani ya intaneti, ambalo hatutalitaja jina. Soko hilo lilidai picha ya kadi ya uchaguzi na picha ya uso. Kwa sababu mdogo wetu alikuwa amepoteza kadi yake, hesabu ilifunguliwa kwa jina letu, uso wetu ukapigwa picha kushoto na kuume kama mfungwa. Tuliweka dola 11 za kujaribu, zikaingia salama. Habari ikaenea mtaani kuliko tulivyopenda.

Ndipo walipokuja mama wawili wajane, wauza ndagala pale pwani. Mmoja alikuwa na dola 60, mwingine 40, zimekunjwa ndani ya kitambaa. Hawakuuliza bitkoini ni nini. Waliuliza neno moja tu: «Mwalimu, wewe umeweka yako?» Tukajibu: «Ndiyo, tumeweka.» Hilo likawatosha. Mama wa watoto wetu alikuwa akichambua maharagwe, akainua macho, asiseme kitu. Tuliongeza dola 50 zetu, ikawa jumla 150.

Sharti tueleze namna ya soko lile, maana bila hiyo hamtaelewa taabu yetu. Muuzaji anaweka bitkoini yake, na soko linaishika kama amana, asiweze kuitoa. Mnunuzi anamtumia muuzaji feza kwa njia ya nje, yaani kwa simu. Akiisha kutuma, anagusa mahali palipoandikwa kwamba amelipa. Muuzaji akiona feza imefika, analiambia soko limwachilie mnunuzi bitkoini. Haya yote yafanyike kwa dakika 15. Mnunuzi asipogusa mahali pale kabla ya dakika kwisha, ununuzi unafutwa wenyewe, na amana inamrudia muuzaji.

Tulianza saa moja ya usiku. Muuzaji alikuwa na jina la kujipachika tu, na nambari ya simu. Katika dakika ya 9 feza iliondoka, ujumbe ukatufikia kwamba dola 150 zimepokelewa. Mara umeme ukakatika, na mnara wa simu nao ukanyamaza. Tulipanda juu ya kilima kidogo nyuma ya shule, mdogo wetu akiinua simu kama anayekinga mvua. Hapana. Mtandao uliporudi ilikuwa karibu saa tatu, na juu ya kioo tulisoma neno moja: umefutwa. Feza ilikuwa kwa muuzaji, na bitkoini vilevile kwa muuzaji.

Tuliandikia ofisi ya kuwasaidia wanunuzi. Mashine ikajibu papo hapo, kwa furaha kubwa. Tuliandika kwa Kifaransa, ikajibu kwa Kiingereza. Tukaandika kwa Kiingereza chetu cha seminari, ikajibu kwa Kifaransa. Ilitupa nambari ya shauri letu. Siku ya tatu alikuja mtu, au kitu chenye jina la mtu, akataka picha za sinema zinazoonyesha simu yetu na ujumbe wa feza tangu mwanzo hata mwisho. Tulinunua mega kwa kukopa, tukatuma. Siku ya sita alikuja mwingine mwenye jina lingine, akauliza yaleyale toka mwanzo. Tukakosa mega siku tatu. Tuliporudi, tukaambiwa shauri limefungwa kwa sababu hatukujibu. Tukafungua lingine. Kila jibu lilianza kwa kutushukuru kwa uvumilivu wetu. Siku ya 19 tulipata uamuzi: ununuzi ulifutwa kwa kufuata sheria, na soko halina nguvu juu ya feza iliyotumwa kwa simu.

Kwa siku zile zote mama wawili walitusalimu kila asubuhi kama kawaida. Hawakuuliza. Tungefurahi kama wangeuliza.

Katika kungoja huko tulitafuta asili ya feza hii. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi, mwaka 2008, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hata leo hajulikani ni nani wala kama ni mmoja au wengi, alitangaza maandishi ya kurasa 9. Anaeleza ndani yake kwamba benki, kwa kuwa haiwezi kukwepa kuamua magomvi ya watu, haiwezi kutoa malipo yasiyorudishwa kabisa, na ya kuwa hapo ndipo gharama na mashaka yanapozaliwa. Dawa yake ni feza ambayo ikiisha kwenda hairudi. Hiyo, asema, itamlinda muuzaji. Na mnunuzi je? Juu yake anasema neno fupi tu: kuweka amana ili kumlinda mnunuzi ni jambo rahisi.

Tulisoma mahali pale mara tatu. Rahisi! Amana yaweza kushikwa na mashine, ndiyo. Lakini watu wawili wakigombana juu ya amana, nani ataamua? Sharti awe mtu, mwenye masikio, atakayekaa na kusikiliza pande zote mbili. Walimwondoa mtu wa benki mlangoni, naye akaingia tena kwa dirisha, safari hii bila jina la kweli, bila meza, bila mwavuli.

Wala si sisi maskini wa Kalemie tu tuliopatwa. Huko Tokyo, nchi ya Japani, palikuwa na soko kubwa liitwalo Mt. Gox. Wanunuzi walilalamika muda mrefu kwamba feza yao inachelewa kutoka, wakapewa majibu matamu. Mwezi wa pili wa mwaka 2014 soko lilizuia bitkoini zote zisitoke. Mtu mmoja alisafiri kwa ndege toka London, akasimama nje ya nyumba ya ofisi kwenye theluji, ameshika karatasi iliyouliza feza yetu iko wapi. Tunampenda mtu yule bila kumjua. Alifanya kama tulivyofanya sisi kwa mama wa kabini: alikwenda kutafuta uso. Tarehe 28 ya mwezi uleule soko likatangaza kwamba limefilisika, na bitkoini karibu 850,000 hazionekani. Baadaye 200,000 zilipatikana. Wenye mali walianza kurudishiwa bitkoini katika mwezi wa saba wa mwaka 2024, zaidi ya miaka kumi kupita.

Turudi kwetu. Siku ya 20 tulipokea ujumbe katika simu, wenye alama ya soko lile na picha ya kijana mwenye tai. Alitutaja kwa jina letu kamili, akasema amesikitika kwa taabu yetu, atairudisha feza yote leo. Alitaka vitu viwili: dola 40 za kufungua shauri, na tarakimu 6 zitakazokuja katika simu yetu. Wasomaji, tulikuwa tumechoka. Baada ya siku 20 za mashine, huyu alikuwa wa kwanza kusema nasi kama mtu. Tarakimu zilifika, tukaanza kuziandika.

Mama wa watoto wetu akauliza: «Huyu umemwita wewe?»

«Hapana, amekuja mwenyewe.»

«Na wale uliowaita siku 20, wamekuja?»

Tuliweka simu chini. Tarakimu zile zilikuwa ufunguo wa hesabu yetu.

Zamani tungejiona wajinga kupita wote. Lakini mwezi wa tano wa mwaka 2025 soko kubwa la Marekani, Coinbase, lilitangaza lenyewe kwamba watu fulani waliokuwa wakilifanyia kazi ya kuwasaidia wanunuzi katika nchi za nje walihongwa, wakatoa majina, anwani na habari nyingine za watu zaidi ya 69,000. Wezi walizitaka habari hizo ili wawaandikie na kuwapigia simu wanunuzi, wakijifanya ni watu wa Coinbase. Kisha wakadai dola milioni 20 ili wanyamaze; Coinbase ikakataa. Basi hata mtu anayeujua uso wake mwenyewe katika kioo cha simu hajui nani anamsemesha.

Sheria ya soko ilitukataza kusema na muuzaji nje ya soko. Tuliishika sheria hiyo wiki tatu, kama mseminari anavyoshika ukimya wa usiku. Lakini nambari ya simu tulikuwa nayo tangu mwanzo, katika ujumbe wa feza. Siku ya 21 tulinunua maunite, tukapiga. Aliitika mtu mzima, yuko Kolwezi, nyuma yake kuku wanalia. Tulisema: «Baba, sisi ni katekista wa Kalemie, tulikutumia dola 150 usiku ule umeme ulipokatika.»

Alinyamaza kidogo. Akasema aliiona feza, akangoja mwenyewe aulize, hakuuliza mtu. Tukamwambia tuliuliza sana, kwa soko. Akasema soko lilimuuliza kama ununuzi ulifutwa, naye akajibu ndiyo, kwa kuwa ulifutwa kweli. Hatukujua tucheke au tulie. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba sehemu ya feza ameshaila, mtoto wake aliugua. Jioni ile ile alituma dola 80. Akaahidi 70 mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi simu yake haikuita, na hata leo haiiti. Mdogo wetu anasema yule ni mwizi. Sisi hatuna hakika. Mwizi hatumi 80.

Hesabu yetu katika soko bado ina dola 11. Haziwezi kutoka, kwa sababu tuliifungua kwa kadi ya uchaguzi ya zamani, na mwaka 2023 tulipewa kadi mpya ambayo nambari yake hailingani na ile ya kwanza. Mashine inatuomba tulete kadi ileile. Tena inatuomba tutoe nyota, toka moja hata tano, kwa namna tulivyohudumiwa.

Zile dola 80 tuliwagawia mama wawili, 40 na 40. Mmoja alimaliza haki yake. Mwingine tulibaki na deni lake la dola 20, na mbuzi wetu mmoja akauzwa. Katika mwezi wa pili wa mwaka 2024 tulimpelekea noti ya 20 pale pwani, mbele ya mitumba yake ya ndagala. Tuliomba radhi. Alisema si kitu, Mwalimu, mambo ya dunia. Kisha akaifungua noti, jambo ambalo mbele yetu hakuwahi kulifanya, akaigeuza, akaipima kwenye jua. Pembeni palikuwa na mpasuko mdogo. Akaturudishia.

«Hii hapana, Mwalimu.»

Tukaenda kutafuta nyingine.